Kidole cha Neema Kimeota

Ilemela, Jumanne

Kimeota kweli. Leo tabibu amefungua bandeji ya mwanangu Neema, na ile ncha ya kidole iliyokatwa na mlango wa bati imerudi, nyama na ukucha mwembamba juu yake.

"Shina la ukucha lilibaki," alisema.

Mama mkwe hataki kusikia. Kwake kimeota kwa sababu alikizika kile kipande nyuma ya nyumba.

Mimi kidole changu kilikatwa na kisu cha kiwanda cha samaki nilikofanya kazi; kilipita chini ya ukucha, shina nalo likaenda. Changu hakitaota.

Jioni Neema alikishika kigutu changu. "Mama, chako walikizika wapi?"

Hakikuzikwa. Kilifagiliwa pamoja na mapanki, mifupa ya sangara waliokwisha kutolewa minofu, na kabla damu haijakauka mfanyakazi mwingine alikuwa ameshasimama mahali pangu.