Mafuta ya Watoto wa Kaya Moja

Jumatatu, 5 Juni 1995

Daktari Constantine wa Mwanza amekuja na gari na sanduku la makopo. Utafiti wa upele! Kopo la kifuniko cha bluu, kopo la kifuniko cheupe. Moja lina dawa, jingine mafuta matupu. Lipi? Anasema hata yeye hajui, ndivyo utafiti unavyotaka. Daktari asiyejua dawa yake — na watu wakampigia makofi.

Watoto waliokota vikaratasi kwenye mfuko. Kija wangu bluu. Machibya wa Nyamizi nyeupe. Nyamizi ni mke wa shemeji yangu Jilala. Tunaishi kaya moja, tunachota maji pamoja, na simpendi. Akatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu.

Nimekubali kwa sababu moja tu: mtoto aliye kwenye utafiti anatibiwa bure hospitali Bariadi. Siku hizi ni kulipia, usipolipa dirishani hawakuangalii usoni. Masharti — kila mtoto kopo lake, na usichanganye na kitu. Ukichanganya, mtoto anatolewa.

Jumatano, 14 Juni 1995

Bluu ni mafuta matupu. Sihitaji kusomea Muhimbili kulijua hilo. Machibya analala usiku kucha. Kija anajikuna mpaka shuka lina damu. Katikati ya vidole usaha mtupu, jana alishindwa kushika kijiko. Mwalimu amemrudisha nyumbani asiwaambukize wenzake.

Nimemwomba Joyness, nesi anayezunguka na daktari, anibadilishie. Haiwezekani mpaka utafiti uishe. Nikamuuliza, angekuwa mwanao je? Akaanza kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika.

Nikajishusha nikaenda kwa Nyamizi. Naomba kidogo tu, ncha ya kidole. Akasema masharti ni masharti. Masharti! Mwanamke ambaye Pasaka aliazima chumvi yangu, sufuria yangu na kitenge changu, na kitenge mpaka leo anacho.

Jumamosi, 17 Juni 1995

Wanaume wamepeleka pamba kwa wanunuzi wapya wenye malori. Nyamizi alikuwa shambani. Mama mkwe, Mayu Salu, akaniita jikoni kwake. Makopo yote mawili yako mbele yake!

Aliyakomba yote, bluu na jeupe, akamimina kwenye kibuyu cha samli anachopakia wajukuu siku zote. Akakoroga. Akagawa tena nusu kwa nusu, akafunga vifuniko. Mimi nimesimama tu.

"Watoto wa kaya moja hawapakwi mafuta mawili," akasema. "Mmoja apone, mwingine aoze? Wakikua watauana."

Akaniambia Nyamizi asijue. Sikumkataza. Nilifurahi — naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kusema — nilifurahi sana. Kopo jeupe nimelirudisha kwa mkono wangu chini ya kitanda cha Nyamizi.

Jumatano, 28 Juni 1995

Kija analala! Ngozi inakauka. Ameanza kuniletea ukorofi, maana yake amepona nusu.

Daktari kaja. Akampiga picha Kija mikono, tumbo, matako, kama ng'ombe wa mnada. Akasema maendeleo ni mazuri. Machibya ameanza kujikuna upya, vidonda vimerudi magotini na vinatoa maji. Daktari akamgombeza Nyamizi mbele ya kaya nzima. Mkiona nafuu mnaacha kupaka, wavivu nyie. Nyamizi akaapa kwamba anapaka asubuhi na jioni. Hakuaminiwa.

Joyness akanusa kopo, akasema lina harufu ya maziwa. Daktari akamjibu kwamba huku kila kitu kinanuka maziwa. Mjinga mwenye koti jeupe.

Mimi nilikuwa napepeta mahindi. Nilipepeta kwa bidii kweli.

Jumatatu, 3 Julai 1995

Machibya amevimba uso. Asubuhi macho hayakufunguka. Mkojo wake mweusi kama chai ya rangi.

Nyamizi amewaambia majirani kuna mtu kauhamisha ugonjwa wa Kija kwa mwanawe. Nilipandwa na hasira, nikatoka nikamwite mchawi yeye. Mlangoni nikalikumbuka kopo. Nikarudi ndani.

Nimemwambia Mayu tuseme. Amesema ni jua tu, na kwamba mwanamke aliyeolewa kwake hatamtia aibu mbele ya mtu wa Mwanza.

Jumanne, 4 Julai 1995

Daktari alifika mapema, uso wake haukuwa wa juzi. Ni figo, anasema. Huenda ni vidonda vya upele vilivyoachwa bila kutibiwa. Au huenda kopo jeupe ndilo sumu. Alimuuliza Nyamizi kama alipaka dawa yenyewe bila kuchanganya. Akaapa kwa jina la mtoto wake. Akamuuliza Mayu. Mayu akasema ndiyo, bila kupepesa.

Basi ni sumu, kasema. Ameondoka kwenda kwa jirani yetu Maganga kukusanya makopo meupe, atapita kila nyumba. Atarudi kumchukua Machibya, na hospitali atawaambia wamtibu sumu. Sumu isiyokuwepo, maana Kija amepakwa hiyo hiyo! Na watoto wote waliokuwa wanapona wananyang'anywa dawa leo.

Nikisema, Kija anatolewa kwenye utafiti, na upele wake bado. Mayu atanifukuza kabla mume wangu Masunga hajarudi na hela ya pamba. Nyamizi atanipasua kichwa, na atakuwa na haki. Simpendi hata leo. Lakini mtoto hajanikosea kitu.

Gari linarudi. Nalisikia kwenye korongo.

Mayu amekuja kusimama mlangoni pangu. Ameujaza mlango wote.

Nyamizi yuko uani, Machibya mgongoni, miguu imevimba kama ya mtu mzima. Ananiita. Mimi!

"Mama Kija, nisindikize Bariadi. Jilala hayupo. Mimi hawaniamini, wewe ndiye unayejua kusema na hawa watu."

Gari limezimwa. Joyness anasema tuharakishe.

Nimejibu nakuja. Mayu hasogei.