Muchezo Walioufuta na Jina la Papa Ndani

Mudogo wangu Médard,

Jambo sana toka kwa yaya yako, dada yako mukubwa Béatrice. Habari ya kule? Ule mugongo wako umepona? Huku tuko wazima, Mungu asifiwe, lakini ninakuandikia na hasira. Nimeisha kuiungama mara mbili. Padiri amesema nisamehe. Nikamujibu: nitasamehe, mon père, lakini kwanza nimwandikie mudogo wangu.

Muchezo wako hautatoka tena.

Unakumbuka wale wageni wa Ulaya waliokuja na mikro zao, wakitafuta sauti za mto kwa muchezo wa video? Mutu anakuwa kapiteni, anapandisha baleinière, ile mashua kubwa ya abiria, toka Kinshasa mpaka kwetu Kisangani. Ukawapigia lokole, ile ngoma yako ya muti, na ukaita abiria kama kapiteni wa kweli. Ulirudi nyumbani unacheka: “Yaya, sauti yangu itatembea Ulaya bila visa!”

Bon. Wiki iliyopita yule mademoiselle aliyekuwa anawatafsiria alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti chako, akaanza kulia hata hajasema neno. Kompani iliyopaswa kuutoa imeufuta. Wameandika mistari mbili tu: mipango imebadilika, tunawashukuru wote kwa uvumilivu wenu. Uvumilivu! Nani aliwaambia mimi ni muvumilivu?

Unajua tuliahirisha kutosha kilio, kumaliza matanga, kwa sababu yao? Familia ilitaka tuvue nguo nyeusi Pasaka iliyopita. Mimi ndiye nilikataa. Nilisema, tungoje muchezo utoke, siku ile tutaweka televizyo hapa uani, Médard mwenyewe atatupigia na lokole jina la papa, marehemu baba yetu, halafu tutavua. Walinung’unika, wakakubali. Sasa ningali na hii robe nyeusi, imepauka mpaka imekuwa rangi ya majivu, na muzee wetu tonton Gérard ananiuliza kila tukitoka Misa: “Béatrice, kapiteni wako amefika?” Jumapili iliyopita nikamwambia baleinière imezama. Hakucheka.

Kinachonikula si muchezo. Mimi hata kuwasha ile mashini sijui. Ni jina la papa. Ulilipiga lote mule mu muchezo: jina lake, la baba yake, la kijiji ya mama yake, lile jina refu ambalo lokole inaita nalo mutu mupaka walio ngambo ya mto wajue ni nani. Papa alikufundisha wewe peke yako. Mu nyumba hii hakuna mwingine anayelijua.

Na kosa ni langu pia, Médard, niseme ukweli. Ile Noeli yako ya mwisho, ulipokuwa unaita watu kwa Misa na lokole, mama mumoja wa korali alitaka kukurekodi na telefone yake. Nikamukatalia mbele ya watu: “Acha, mama, hiyo itatoka vibaya. Wazungu wameisha kurekodi safi.” Safi! Kisha miezi miwili tukakuzika.

Nimemuomba mademoiselle awaandikie watutumie ile sauti tu, muchezo wabaki nao. Wakajibu haiwezekani, ile karatasi uliyosaini inasema sauti ni mali yao. Donc jina la papa yetu limefungiwa mu kabati ya watu wasioweza hata kulitamka. Kulitumia hawataki, kulirudisha hawataki. Mwizi wa mbuzi angalau anaila!

Nimelia. Nimesali rozari. Nimelaani pia, kidogo, Bwana anihurumie. Halafu juzi nilikuwa ninatwanga pondu, majani ya muhogo, na hasira yangu yote iko mu mukono, nikasikia muchi unagonga ukingo wa kinu: sauti ya juu, ya chini, ya chini, ya juu, kama lokole. Nikasimama. Nikarudia. Ilikuwa papa. Médard, ilikuwa papa kabisa, vile ulivyokuwa unamuita asubuhi! Nikaacha pondu, nikagonga tena. Jina lake likatoka. La baba yake likatoka. Nilipofika kwa kijiji, nikapotea. Nimejaribu mupaka kinu kimepasuka ukingo, na pale pale ninapotea.

Jumapili inayokuja tunatosha kilio chako. Sitangoja tena mutu wa Ulaya. Lokole yako nimeisha kuipanguza vumbi. Tonton Gérard amesema mwanamuke hapigi lokole. Nikamwambia: basi tonton, piga wewe.

Nitavua hii robe na nitapiga. Pahali ninapojua nitapiga vizuri, pahali sijui nitapiga vibaya, na wa ngambo wacheke wakitaka. Ninakuahidi sitaweka fimbo chini kama jina halijafika mwisho.

Kaa na Bwana, mudogo wangu. Nisalimie papa, umuambie ninajaribu. Lakini mbele ya Jumapili uje mu usingizi wangu, unipigie ile sehemu ya kijiji, polepole, mara moja tu.

Unijibu mbiyo.

Yaya yako,
Béatrice