Mheshimiwa Hasikii Joto

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Waonaje hali, na yale magoti yako? Sisi tunapumua, ingawa kwa shida. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu mkwe wako hukaa karibu akasikiliza kila neno, na haya si ya masikio yake.

Mama, huku ni tanuri. Tumepangishiwa ghorofa ya juu kabisa. Zege la paa linameza jua mchana kutwa, usiku linatutapikia sisi. Wasichana nawalaza juu ya shuka mbichi, na kabla hawajasinzia shuka imekauka. Kitinda mimba wetu ana vipele shingoni mpaka mgongoni. Nikaomba kiyoyozi, hata kile kidogo. Mkwe wako, ambaye siku hizi namwita Mheshimiwa, akanitazama kama nimeomba ndege.

"Joto ni mawazo," akasema. "Ukiliwaza, linakuja."

Alisema hayo ametoka kazini, amevaa suti na tai, hana hata tone la jasho. Nikadhani labda yeye aliumbwa kwa udongo mwingine.

Mkataba wake umebakiza mwaka na ushee. Nifanye nini?

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananibeba yakipenda. Huku ukungu haujaondoka wiki nzima, na makoti yangu ya mitumba yanagombaniwa kabla sijamaliza kufungua robota.

Barua yako nimeisoma nikacheka. Yaani umepanda ndege, umekwenda ughaibuni na mume mwenye kazi, halafu unanililia jua? Watu huku wanaliomba! Mkwe wangu ni msomi. Akisema joto ni mawazo, basi punguza mawazo. Vipele paka poda. Nilikulea kwenye baridi ya kukata mifupa na hukufa. Hutakufa kwa kutoka jasho. Acha kudeka. Msalimie mkwe wangu, mwambie ile tai ya bluu inampendeza kwenye picha.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima. Nilinyamaza kwanza kwa sababu barua yako iliniuma, kisha kwa sababu sikuwa na mikono ya kuandikia. Kitinda alilazwa.

Alianza kulegea kama kitambaa. Macho yakaingia ndani, hata maji haombi. Baba yake hakuwapo. Mheshimiwa alikuwa ameanza kulala kazini, eti mitambo inasumbua. Nikampigia, simu inaita tu. Nikambeba mtoto mpaka hospitali, wakamtundikia dripu. Daktari akaniuliza, "Kwani mnaishi ndani ya jiko?"

Asubuhi mtoto alipofungua macho, nikamwomba muuguzi awaangalie yeye na dada yake, nikaenda ofisini kwa baba yao. Mlinzi akanipeleka kwenye chumba cha kompyuta, kile kinachopozwa usiku na mchana ili mashine zisiungue. Na katikati ya mashine hizo, Mama, alikuwapo Mheshimiwa, kwenye godoro, anakoroma. Amejifunika blanketi. Blanketi, Mama! Mpaka masikioni!

Nilimgusa kwa ncha ya kiatu. Akafumbua jicho moja akasema, "Funga mlango, ubaridi unatoka."

Mwanao

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mjukuu wangu anaendeleaje? Nijibu hilo kwanza. Yale niliyokuandikia yachane, yalikuwa ya kijinga.

Mumeo amenipigia simu. Anataka nikuonye, eti umemwaibisha mbele ya mlinzi. Nikamwacha aseme mpaka akaishiwa, kisha nikamwuliza, "Mwanao alipokuwa kwenye dripu, wewe ulijifunika kwa baridi ya wapi?" Akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa safi, nilimsikia akimeza mate. Mwanangu, mimi nauza makoti. Yako makoti mazuri ambayo ndani hamna mtu, na nililisifu moja.

Usirudi huku kama mkimbizi, wala usinyamaze. Hayo mawazo anayoyahubiri, mshindishe nayo siku moja.

Mama yako

28 Julai

Mama,

Shikamoo, na pole kwa baridi. Kitinda anakula, anacheka, na ubishi umezidi ule wa zamani.

Nilimwambia Mheshimiwa: Ijumaa huendi kazini, unashinda na sisi. Ukikataa, tunahamia chumba cha kompyuta na masufuria yetu, bosi wako atukute huko. Akacheka. "Siku moja tu? Rahisi hiyo." Akavaa shati, akafunga tai, akaketi na gazeti. Haikufika mchana, tai iko sakafuni. Shati likafuata. Akafungua dirisha, upepo wa moto ukamchapa usoni, akalifunga haraka. Akauliza kama maji ya bomba huwa ya moto siku zote.

"Ni mawazo," nikamjibu.

Jua la utosi lilipofika, nikamkosa. Nikamkuta bafuni, amelala kifudifudi na bukta yake, shavu kwenye vigae. Hapo ndipo wasichana hupoa mchana, mmoja mmoja, maana ni padogo. Kitinda akaja na mto wake, akamtazama, akamgonga begani.

"Baba, sogea. Ni zamu yangu."

Akasogea, Mama. Sijapata kumwona akimpisha mtu.

Jumatatu akaenda kwa bosi, nasi tumepewa nyumba ya chini yenye kivuli, na kiyoyozi katika chumba kimoja. Sasa anawasimulia wageni kwamba yeye ndiye aliyeona mapema kuwa ghorofa ile haifai watoto. Zamani ningeitikia kwa kichwa. Siku hizi naendelea kukunja nguo.

Katika chumba cha kiyoyozi nalala mimi na wasichana. Yeye nimemtandikia kile kingine. Jana alisimama mlangoni, akauliza nitahamia kwake lini. Nikamwomba afunge mlango, watoto wamelala.

Mwanao