Kigoda Alichokalia Rais

Bashay, Mbulu

Kaka Urban,

Shikamoo. Mahindi yamebeba vizuri, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Jumanne alikuja mgeni, akasema wanajenga makumbusho ya yule Rais wa Ujamaa, anakitaka kigoda alichokalia hapa kwetu enzi za baba. Nikampa chai. Alimsifu Rais kwa kusema ardhi ni ya wote, kisha akatoa futi kamba akapima shamba zima. Kigoda kimoja kinahitaji shamba la nini?

Kaburi la mama halina msalaba, na mahindi yamelifunika. Mgeni alilizunguka akipima, bila kujua lipo. Tunaolijua tumebaki wawili, kaka.

Kigoda sikumpa; nimekihamishia pale kaburini, nakikalia mimi. Ukija, tutasalimiana hapo.

Mdogo wako,
Severina