Alinusa Vidole Vyangu Kila Asubuhi, Akafa Akiniamini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, lakini kwanza nakuomba usome mpaka mwisho ndipo uamue kama nastahili kusaidiwa, maana haya ninayokuandikia hata mke wangu hayajui, na barua yenyewe naiandikia juu ya meza ya kazi wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula.

Mimi ni mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare za shule, nina miaka hamsini na mbili, na nimevuta sigara tangu kabla sijaoa. Mle ndani hakuna kuvuta kwa sababu ya marobota ya vitambaa, kwa hiyo mvutaji anatoka nyuma ya stoo, na kwa miaka kumi na tisa nyuma ya stoo tulikuwa wawili, mimi na mpiga pasi wetu, ambaye kila mtu alimwita Mvuke. Tulikaa juu ya meza ya cherehani iliyovunjika mguu, tukavuta, tukamsengenya mwenye karakana, tukacheka mpaka tukakohoa. Habari za ndoa yangu, za watoto, za mama yangu kuugua, zote nilizisemea pale, kwa hiyo ukiniuliza rafiki yangu ni nani nitakwambia ni yule, sina mwingine.

Mwaka jana Mvuke alianza kikohozi cha kumkunja, akaenda kliniki ya kifua, akaambiwa mapafu yamechoka sana na sigara aache leo, asingoje kesho. Muuguzi wa pale akamwambia asijaribu peke yake, atafute mwenza anayevuta kama yeye waache pamoja, na akamwonyesha chumba wanachokutana watu wa namna hiyo kila Alhamisi. Akarudi moja kwa moja mpaka mezani kwangu, hata koti la kazi hajavaa, akaniambia, "Mke wangu ananipenda, lakini hajawahi kuvuta, hawezi kujua inavyobana. Nakutaka wewe." Nikasema sawa. Nilisema sawa palepale, mshauri, bila kujiuliza kama niko tayari, kwa sababu niliyaona macho yake nikashindwa kusema neno lingine.

Utaratibu aliutunga yeye. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi alikuja mezani kwangu akaninusa vidole, nami nikamnusa vyake, kisha nikamchorea mstari wa chaki wa siku moja bila sigara kwenye mguu wa kushoto wa meza yangu, naye akanichorea wangu kwenye mguu wa kulia. Washonaji walitucheka mpaka wakachoka, wakatuita maharusi. Siku nne nilikuwa mkweli. Siku ya tano nilikwenda nyuma ya stoo baada ya kazi nikavuta moja, na ili vidole visinuke niliibana sigara kwa kibanio cha kuanikia nguo nilichokitoa nyumbani, kumbe inawezekana, basi ikawa ndiyo tabia yangu, kila siku saa kumi na moja na dakika kumi jioni, wenzangu wakishatoka, mimi na koti langu la kazi na kibanio changu, nikimaliza nasukutua, najipaka limau kwenye masharubu, naenda nyumbani. Tulikuwa tumekubaliana vidole, na mimi nikalinda vidole.

Na yeye, maskini, jioni ndipo ilipombana. Saa kumi na moja na robo simu inaita. "Mwenzangu, nimebanwa, niongeleshe." Namwongelesha. Na nilimwongelesha vizuri, hilo ndilo linalonila roho, namwambia avute pumzi ndefu, anywe maji, tunamtania mshona vifungo na miwani yake, tunakumbushana ya zamani, na muda wote huo sigara inaungua kwenye kibanio mkononi mwangu, mara nyingine inakwisha yenyewe bila kuvutwa kwa jinsi mazungumzo yalivyonoga.

Wala hakupunguza wema wake kwangu. Kila Ijumaa kabla ya kufunga alikusanya makoti yetu yote ya kazi akayapitishia pasi ya mvuke, kwa sababu mwenye karakana hataki tuonekane tumekunjamana Jumatatu, na ya wengine aliyapiga mara moja akayarundika, lakini langu alilipiga mara mbili, akalitundika dirishani peke yake. Nilijisikia vibaya kila nilipoliona pale, linapepea, jinsi mtu huyu alivyonithamini nami ninavyomzunguka.

Siku mia mbili na kumi na moja. Hakuvuta hata moja, naapa, vidole vyake vilinuka sabuni na nguo mbichi tu. Halafu kifua kikamwangusha akalazwa. Siku niliyokwenda kumwona nilitokea nyuma ya stoo kuvuta, hata kibanio sikutumia, sikunawa, sikusukutua. Akanishika mkono akavinusa vidole kama kawaida yake, nikasema moyoni leo nimekwisha. Akasema kwa pumzi za kuokoteza, "Bado tunajaribu, au siyo?" Nikadhani hata pua imeshachoka kama mwili. Nikamwambia, "Tulishafaulu, ndugu yangu." Nilimwambia hivyo macho makavu. Akafumba macho yake, na siku mbili baadaye akafa.

Msibani mke wake alisimama mbele ya watu akaninyooshea mkono, akasema, "Huyu shemeji yangu ndiye aliyeitoa sigara mdomoni mwa mume wangu, akanipa miezi saba ya kulala karibu naye bila moshi." Watu wakaja kunishika mkono. Wale wa Alhamisi wamenipigia, wanataka niende nikawape moyo. Na juma lililopita mdogo wake Mvuke, fundi rangi, mvutaji kuliko sisi wote, alikuja mpaka karakana akasimama palepale alipokuwa anasimama kaka yake. "Kaka," akaniambia, "uliyomfanyia kaka yangu nifanyie na mimi. Nimeamua." Akanyoosha mkono nimnuse vidole. Nimemwomba anivumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Mshauri, nifanyeje? Nikisema ukweli nitamwibia shemeji kitu pekee kinachomfariji, na nikinyamaza nitamzunguka mdogo mtu kama nilivyomzunguka mkubwa. Mara najiambia nikubali tu, safari hii nitaacha kweli, lakini sijui mtu anajuaje kwamba yuko tayari, maana tangu tumzike moja ya jioni imekuwa kumi kwa siku. Asubuhi nikifika naweka mkono mezani, nangoja, halafu nakumbuka kwamba hakuna wa kuninusa.

Ni mimi, mkata vitambaa.

* * *

Mkata vitambaa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikukasirikia, ya pili nililia, ya tatu nikavaa viatu nikatoka. Nitakueleza nilikokwenda, ila kwanza nikuseme, kwa sababu umeomba msaada na kusemwa kumo humo.

Ulifanya vibaya. Mtu alikuja kwako na uhai wake mkononi, akakuomba mwende pamoja, ukamwacha aende peke yake huku ukimsemesha kama uko ubavuni mwake. Usiniletee habari za macho yake. Siku ya sita asubuhi ungemwambia, "Jana nilivuta moja," angenuna mpaka saa ya chai, kisha mngeanza tena. Sigara ya siku ya tano wengi wanaoacha huivuta, haina ajabu. Wewe ukaona aibu ya sigara moja, ukabeba aibu ya miezi saba.

Ila kifo chake usijitwishe, hicho si chako. Mapafu yake yalikuwa yamechoka kabla hajafika mezani kwako, umeandika mwenyewe. Na siku zake mia mbili na kumi na moja ni za kweli, alizifanyia kazi, hakuna utakachokiri wewe kikazipunguza hata moja.

Sasa nilikokwenda. Mtaani kwetu kuna mama anayefua na kupiga pasi nguo za watu, kazi hiyo anaifanya tangu mimi sijaolewa. Nikamuuliza, mtu akivuta sigara amevaa koti, kisha wewe ukalipitishia pasi ya mvuke, utajua?

Akanicheka. "Mwanangu, mvuke unaamsha kila kitu. Jasho, mafuta ya kupikia, manukato ya mwanamke ambaye siye mwenye nyumba. Sigara ndiyo inaamka ya kwanza, inakupiga puani kabla hujafika kwenye kola."

"Na ukikutana na koti la hivyo unafanyaje?"

"Nafanyaje tena? Nalipiga mara mbili, nalitundika dirishani."

Weka gazeti chini kidogo, upumue, kisha uendelee kusoma.

Alijua. Siwezi kuapa, sikuwahi kumwona, lakini mtu mwenye pua iliyokaa kwenye mvuke miaka kumi na tisa alilishika koti lako Ijumaa thelathini. Na simu zake zilikuja saa ngapi? Dakika tano baada ya wewe kuwasha, kila siku ya kazi. Sisemi hakubanwa, nadhani alibanwa sana. Lakini umeniandikia kwa mkono wako kwamba kuna siku sigara iliungua ikaisha bila kuvutwa. Ulidhani wewe ndiye uliyekuwa unamwongelesha yeye. Na kule hospitali, mtu anayeamini kwamba mwenzake ameshaacha hamuulizi kama bado tunajaribu. Alikunusa, akajua, akakuuliza kama utaendelea, nawe ukamjibu jambo jingine.

Kwa nini hakukwambia? Sijui. Labda aliogopa ukishikwa utakimbia, abaki bila mtu. Labda alikuwa anakungoja useme mwenyewe. Hilo linaniuma hata mimi nisiyemjua, kwa sababu alingoja mpaka siku ya mwisho, na ilikuwa neno moja tu. Lia, ndugu yangu. Ukimaliza kulia, fanya haya.

Anza na mke wako, leo. Amekosa kibanio kimoja kwenye kamba yake tangu mwaka jana, kirudishe, umweleze kilikokuwa. Kisha nenda kliniki ya kifua kwa yule muuguzi, mwambie unavuta kumi kwa siku na unataka kuacha, akupime, akupe dawa za kukusaidia kama zinakufaa. Alhamisi nenda kwenye kile chumba. Wanakutaka ukahubiri, na wewe usihubiri. Kaa kwenye kiti kama wao, ikifika zamu yako sema, "Mimi bado navuta, na nilimdanganya mwenzangu." Usishangae ukikuta wawili watatu wanaitikia kwa kichwa.

Kwa shemeji yako nenda mchana, na mke wako. Anza na habari za mumewe, kwamba hakuvuta hata moja, wewe ni shahidi, ulivinusa vile vidole. Hapo ndipo umwambie habari zako. Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, wala usimsumbue kwa msamaha, akiwa nao ataujua wakati wake. Hutamwibia faraja yake. Miezi saba ile alipewa na mume wake mwenyewe, na ni vizuri ajue hivyo.

Fundi rangi mwambie kabla hamjakubaliana lolote, na mwambie vilevile habari ya koti dirishani, ni urithi wake. Akikasirika akaenda zake, mpeleke kwa wale wa Alhamisi asiwe peke yake. Akibaki, anzeni sawa, wote siku moja. Hahitaji malaika, anahitaji mtu atakayemwambia asubuhi, "Jana ilinishinda, wewe je?" Na saa kumi na moja na dakika kumi jioni usimngoje yeye abanwe, piga wewe simu, kabla hujawasha.

Unaniuliza mtu anajuaje kwamba yuko tayari. Asiye tayari haniandikii kurasa nne wenzake wakiwa wanakula. Uliogopa kumwambia Mvuke kwamba hujawa tayari, sasa unaogopa kujiambia kwamba umeshakuwa. Panga siku, iandike, uwaambie watu watatu.

Halafu chukua kitambaa kibichi, upige magoti, ufute mguu wa kulia wa meza yako, mistari yote, usiache hata mmoja. Wa kushoto usiuguse, na mfagiaji umkataze.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao fundi rangi akija, usinawe wala usijipake limau. Mpe mkono kama ulivyo avinuse vidole, na vikinuka mwambie ni ya saa ngapi. Kisha mnuse na wewe. Mstari wa kwanza mtauchora Jumanne.