Nyama ya Arobaini

Madale, Jumapili

Nyama kavu bado iko jikoni. Shemeji Damasi, mdogo wa marehemu mume wangu, kaileta kutoka kijijini tuipike kwenye arobaini Jumamosi.

"Ya mbuzi hiyo, shemeji."

"Mbuzi gani ana nyuzi nene hivi?"

Akacheka, akakiri ni nyati aliyenaswa porini.

Marehemu alikuwa askari wa wanyamapori. Alikuwa akisema mtego wa waya hauchagui mwenye mimba wala ndama, na sisi wanunuzi wa mjini ndio tunaomaliza pori. Alisema pia kijiji kikipata fungu lake la fedha za watalii, kitalilinda pori chenyewe.

Nimemwambia Damasi siwezi kuwalisha watu nyama hiyo kwenye arobaini ya mtu yule. Ameondoka bila kuaga, na simu hapokei.

Naogopa hatakuja Jumamosi. Sauti yake ni ileile ya kaka yake. Nikimkosa na yeye...