Mkanda Uliolala Korongoni

Dada mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote. Je, mshono wa upasuaji umefunga? Daktari alifanya vyema kukukataza safari ya msibani, usijilaumu. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma huko chini.

Mama anaendelea, si vibaya sana. Chakula anakula akisimamiwa. Bado anatandika upande wa baba kila asubuhi, nami sithubutu kumwambia aache. Hata mkuu wetu wa hifadhi alikuja na magari mawili, akasema mbele ya waombolezaji kwamba marehemu alilea mchapakazi. Nikabaki natazama viatu vyangu.

Uliniuliza kwenye simu ilikuwaje, nikakujibu kwa mkato kwa sababu mama alikuwa karibu. Unamkumbuka yule tembo jike tuliyemvisha mkanda wa redio shingoni, maana alipenda mahindi kuliko wenye shamba? Kazi yangu ni kunasa mawimbi ya mkanda ule kila asubuhi, kisha kuwapigia wakulima kuwaambia yuko upande gani. Baba hakungoja kupigiwa. Alipiga mwenyewe, akimwita tembo yule mke mwenza wa mama, akiuliza ameamkia wapi leo. Siku ile nilimjibu kwamba yuko korongoni, mbali kabisa, akavune kwa raha zake. Akanitania kwamba hatimaye ada ya shule imezaa matunda. Saa nne tukaitwa shambani. Tembo alikuwa amemkanyaga baba, ameshakata roho.

Tembo naye alipigwa risasi siku hiyohiyo. Nikatumwa kuhakikisha kama ni yeye. Alikuwa yeye, ila shingo ilikuwa tupu. Ripoti inasema mkanda ulikatika asubuhi ile, ni bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa.

Dada, ripoti hiyo niliiandika mimi, na ni uongo. Mkanda ulikuwa umelala korongoni siku tatu. Kwetu kazini, mawimbi yakitoka mahali pamoja kutwa nzima, sharti mtu aende kwa miguu amwone mnyama kwa macho yake. Korongoni ni mwendo wa saa tatu, jua lilikuwa kali, nikaona uvivu. Siku zote tatu nikaandika kwenye daftari kwamba ameonekana. Hakuna aliyemwona. Baba aliingia kwenye mahindi yale kwa neno langu mimi.

Jumatatu nitamweleza mkuu kila kitu. Kazi ikienda, iende. Kwa mama ndiko miguu inakogoma, kwa kuwa kila mgeni akija anamwambia kwamba angalau mimi nilijitahidi kumlinda baba. Nimeona nianze na wewe. Ukinyamaza nitaelewa, lakini naomba usininyamazie. Nimebaki na nyinyi wawili tu.

Nisalimie shemeji, na mwili wako uutunze. Wanao wakikua wakauliza babu yao alikufaje, tafadhali usimsingizie tembo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba